Kinanda na Bomba la Risasi

Kinyozi alikuwa amefika nusu ya kichwa cha Kinanda redio iliposema kwamba nyumba nyingi za zamani bado zinapata maji ya kunywa kwa mabomba ya risasi, na kwamba risasi hiyo, bila rangi wala harufu, huharibu akili za watoto wachanga. Wateja wengine walisikitika. Kinanda alitabasamu kwenye kioo. Sumu isiyoonekana, iliyomo majumbani mwa watu, tena imetangazwa bure: riziki gani nyingine angeingoja? Alijiona ana akili kuliko mji mzima. Tusimlaumu, nusu ya kichwa chake ilikuwa bado haijanyolewa.

Jina la Kinanda alipewa na watu waliokwisha kumpa fedha, maana ukimgusa tu anatoa sauti tamu. Alikwisha kuuza dawa ya kuotesha nywele huku upara ukimnyemelea mwenyewe. Alikwisha kuuza kiwanja kilichokuwa katikati ya mto. Safari hii alitia kengele ya mlango na taa nyekundu ndani ya boksi la plastiki, akaificha swichi chini ya kidole gumba. Bomba lolote aliloligusa lilipiga kelele. Tiba yake ilikuwa kopo lenye sponji na mkaa, aliloliita chujio la kisasa.

Akaanzia nyumba ya kona, yenye kuta nene na mlango uliochoka. Mwenye nyumba alikuwa mkunga mstaafu, mtaa ukimwita Bibi wa Kona. Alimwambia avue viatu kwa kuwa sakafu imepigwa deki, akamletea maji ya kunywa.

"Bibi, maji yako yana risasi," Kinanda alianza.

"Nani kapiga?"

"Si ya bunduki. Ni madini, yamo kwenye bomba."

Bibi akavuta kiti karibu. "Madini yana bei."

Kinanda alifurahi moyoni. Anayeuliza bei ya sumu kabla ya kuuliza dawa yake ameiva, ni kuchuma tu. Akanywa bilauri nzima, maana maneno hukausha koo.

"Maji yenye sumu umeyamaliza," Bibi akasema.

"Ni sehemu ya utafiti."

Jikoni alijilaza chini ya sinki. Bomba lilitoka ukutani, la kijivu, limevimba kwenye maungio. Boksi likapiga kelele kama lilivyofundishwa. Kwa kunogesha, akafanya lile alilolisikia redioni: akalikwangua bomba kwa ufunguo. Ufunguo ukazama kama umeingia kwenye sabuni, na palipokwanguliwa pakang'aa kama fedha mpya. Akatoa sumaku mfukoni, akaijaribu. Ikateleza, ikaanguka, sawasawa na redio ilivyosema kuhusu risasi halisi.

Kinanda hakuwahi kusema ukweli akiwa kazini, na sasa alikuwa ameusema bila kukusudia.  Akaikumbuka bilauri aliyoimaliza.

Nyuma yake binti wa Bibi alikuwa akikoroga maziwa ya unga kwenye chupa ya mtoto wake mchanga.

"Maji umechota wapi, dada?"

"Bomba hilo hilo."

Kinanda akainuka, akagonga kichwa kwenye sinki, akaichukua chupa mkononi mwa yule binti. "Usimpe."

"Haya, sasa bei inapanda," akasema Bibi.

"Hakuna bei. Naomba mnisikilize." Akalifungua boksi, akawaonyesha waya, betri na swichi.

"Kwa hiyo mashine ni ya uongo," Bibi akasema.

"Ya uongo kabisa."

"Na chujio?"

"Mkaa wa jikoni."

"Lakini maji ni mabaya kweli."

"Kweli, Bibi."

"Na anayesema hivyo ni nani?"

Kinanda akatazama sakafu. "Tapeli."

Ulimi uliouza kiwanja cha mtoni haukuweza kuugawa ukweli hata bure.

"Basi nitayachemsha," binti akasema.

"Kuchemsha kunaua vijidudu, dada. Risasi haiondoki. Pigieni simu idara ya maji, waje wachukue sampuli wakapime. Msiniamini mimi."

Hapo Bibi akamtazama upya. Katika maisha yake alikutana na matapeli wengi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwomba asimwamini. Akapiga simu. Kisha akavifungia viatu vya Kinanda kabatini, atavipata majibu yakija.

Siku zile Kinanda alivaa kandambili za marehemu mume wa Bibi, zote za mguu wa kushoto, akiburuza ndoo za maji kutoka nyumba mpya ng'ambo ya barabara. Alijiambia anafuata viatu. Lakini kila asubuhi alipofika, alimtazama mtoto kwanza.

Majibu yalikuja: risasi, tena nyingi. Mtoto akapimwa damu zahanati, wakaambiwa wamewahi. Afisa wa maji akauliza nani aliyegundua.

"Fundi wangu," akajibu Bibi. Na fundi wake akapewa sururu achimbe mtaro wa bomba jipya, mpaka mikono ikatoka malengelenge.

Siku aliyorudishiwa viatu, Kinanda alichukua boksi lake, akakimbilia mtaa wa pili, ambako hajulikani, ili arudie kazi yake ya heshima. Akabisha hodi ya kwanza. Akafungua fundi cherehani mwenye futi shingoni.

"Mama, mimi natoka..."

"Najua. Bibi wa Kona alipita jana. Alisema fundi wake anakuja, anapima kwa ufunguo, na kwamba akileta boksi tumwite polisi. Tumekwisha kumlipa."

"Mmemlipa nani?"

"Yeye. Mtaa mzima. Alisema wewe ni mtu wa dini, hupendi kushika fedha."

Kinanda akatazama barabara. Milangoni watu walikuwa wamesimama wakimngoja, wengine na watoto mgongoni. Akafikiria kukimbia. Akamfikiria Bibi akihesabu fedha, akaona kwamba hata yeye mwenyewe, katika ubora wake, hangeweza kuipanga hila vizuri hivyo.

Akalisukuma boksi nyuma ya mlango kwa mguu, akauliza jikoni ni wapi.