Panya wa Kijiji cha Kwanza Wamepandishwa Levo

Rahaleo, Mtwara
Juni 2006

Kwa mdogo wangu mpendwa Ismaili,

Salamu nyingi. Sisi hapa wazima. Shemeji yako mzima, kikohozi kimempungua. Binti yangu Saida mzima, anasuka watu nywele barazani. Mama yetu yuko Mahurunga kwenye mihogo, analalamika magoti tu. Mbuzi wake kazaa. Mpwa wako Hashimu ndiye sina uhakika naye, na ndiyo sababu ya barua hii.

Ile mashine ya gemu uliyomletea ilifika salama, tunashukuru. Wewe unatengeneza televisheni za watu huko Dar es Salaam, kwa hiyo lazima unawajua wanaotunga hayo magemu, au unamjua anayewajua. Naomba uwafikishie malalamiko yangu kwa adabu.

Hashimu alipolimaliza gemu la shujaa na joka, nilimfanyia kama mtoto aliyetoka jandoni. Kanzu mpya, pilau, Modesta wa nyumba ya pili akapiga vigelegele. Hashimu akasema, mama, sasa naanza tena mwanzo, ila naingia na upanga wangu na nguvu zangu zote. Akaahidi akimaliza mara hii ya pili anazima mashine. Nikaridhika, maana mikorosho inangoja kupuliziwa salfa, ile dawa ya ukungu.

1. Kijiji cha kwanza kina panya. Zamani aliwaua kwa fimbo. Safari hii kaingia na upanga wa moto, levo ya hamsini, ndivyo wanavyoita daraja la nguvu, panya mmoja kamwangusha. Kumbe gemu linampima mchezaji, akipanda yeye na panya wanapandishwa. Ismaili, hao panya wamepigana na nani hata wapande?

2. Hebu fikiria urudi leo shuleni kwetu, ukute watoto wa darasa la kwanza wamerefuka kukushinda kwa sababu tu wewe umekua. Utasema umesoma?

3. Mimi nikipata jembe zuri, magugu hayaoti mifupa.

4. Aliyetoka jandoni harudishwi porini kuchapwa na wadogo zake. Modesta sasa akipita dirishani anauliza, shujaa kaamka, au bado yuko kwa panya? Anasema pilau yangu iliwahi mno. Mtoto hali, ukimsemesha anajibu kwa kichwa.

5. Joka lenyewe halikuongezwa kitu, eti lilikuwa juu tangu mwanzo. Yaani joka na panya sasa wako sawa. Hilo joka litaheshimiwa na nani?

Kwa hiyo naomba panya wabaki walivyokuwa, nguvu zipelekwe kwa joka na wakubwa wenzake. Ikiwezekana, shujaa aliyekwisha kumaliza akiingia kijijini panya wampishe njia, na mmoja ampokee mzigo. Kama hao mabwana hawaelewi, waje Mahurunga walale kwa mama, waone mtoto akitoka jandoni anavyopokelewa. Tutawachinjia mbuzi, ila si yule aliyezaa.

Msalimie wifi Nuru na watoto wote, na yule jirani yenu aliyenipa dawa ya jino. Mwambie jino limetulia.

Ni mimi dada yako,
Zuhura, Mama Hashimu

Nyongeza: Sijafunga bahasha, Saida kaniambia jambo. Hashimu na mwenzake Zuberi wamepanga kwamba siku gemu likiisha wanavuka Ruvuma kwenda Msumbiji kutafuta mawe ya thamani. Begi liko chini ya kitanda. Nimelitazama, lipo kweli, na nguo zimekunjwa vizuri, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

Basi niliyoandika juu yaache. Waambie hao mabwana panya wapewe levo ya mia. Kijiji kama kina kuku, nao waote meno. Mikorosho nitaipulizia mwenyewe.

Nijibu upesi, mpe barua yeyote anayekuja Mtwara. Leo asubuhi kamuua panya wa mwisho, yuko kijiji cha pili.