Wati Tano kwa Dorcas

Jumatatu, 7 Machi 1994
Nimemaliza kidato cha nne, sina kazi. Shangazi Teodora kanikabidhi redio ya mawasiliano ya kampuni ya sangara, hapa Mirongo, maana kitabu chake cha maelekezo ni cha Kiingereza. Kazi: kuuliza vituo vimepokea samaki kilo ngapi. Kituoni Busisi anaitika Dorcas, tuliyesoma naye darasa moja. Jumamosi anapanda treni kwenda chuo cha uuguzi, Tabora. Sijawahi kumwambia. Ana kwa ana ulimi hukauka. Redioni nitaweza. Ila Revocatus, wa kituo cha Mkolani, husikia kila neno na kulipeleka kijiweni.

Jumatano, 9 Machi
Nimepata! Ukurasa wa kumi na moja. Kuna swichi ya nguvu: wati ishirini na tano, au tano. Nimeshusha. Nikamwita Revocatus mara tatu: kimya. Milima ya mawe imemziba. Busisi, ng'ambo ya maji, Dorcas kaitika. Kalalamika nasikika kama niliyemo mtungini. Si neno.

Alhamisi, 10 Machi
Shangazi kafoka. Kasema sauti hafifu hugeuza kilo mia sita kuwa mia tatu. Kaagiza vituo vyote: ujumbe usiosikika vizuri urudiwe neno kwa neno. Sawa. Mambo ya samaki hayo.

Ijumaa, 11 Machi
Nimesema. Yote. Wati tano, macho nimefumba.
Dorcas kafuata agizo. Kwa wati zake ishirini na tano.
“Busisi narudia. Mutalemwa wa Mirongo ananipenda tangu kidato cha pili, na bado anatunza kifutio changu. Ni sahihi? Ova.”
Ziwa zima! Nami, kwa mazoea: “Sahihi. Ova.”
“Mkolani tumepokea,” akasema Revocatus.
Kisha Dorcas katoa hesabu ya samaki.

Jumamosi, 12 Machi
Sikutoka ndani. Revocatus ndiye aliyembebea Dorcas sanduku hadi stesheni. Kaja jioni, hakucheka hata kidogo, nikaogopa zaidi. Kasema Dorcas alisimama mlangoni mwa behewa mpaka filimbi, akiangalia njia ya Mirongo. Kaacha neno moja: “Mwambie stesheni si mbali.”
Dakika kumi kwa miguu.

Jumapili, 13 Machi
Sikulala. Kosa nimelijua: wati tano ni nyingi mno. Fundi Luhaga anaweza kuzishusha hadi moja. Nasikia kuna parokia Tabora, karibu na chuo cha Dorcas, yenye redio.