Filamu ya Mtakatifu Rita Isiyokuwa na Mtakatifu Rita

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Imefika! Imekuja na basi la mchana, ndani ya gunia la vitunguu, mikanda yake yote salama. Inanuka vitunguu. Si neno. Asante Mungu, asante dereva, asante mwenye vitunguu.

Inaitwa Kodi ya Ushuzi. Nimeitazama peke yangu, milango nimefunga, sauti chini kabisa. Waziri mmoja mwenye kitambi anatoza kodi kila anayejamba. Wanene wanalipa mara mbili. Askofu amesamehewa, kwa sababu ushuzi wake unanukia ubani. Kuna jenerali na farasi wake, hiyo haiandikiki. Wanatukanwa matajiri, maskini, vipara, wenye kigugumizi, waume wanaodanganywa na wake zao. Hakuna aliyeachwa. Nimecheka mpaka nimeanguka na kiti.

Kisha ikaja sehemu ya mjane. Nikaacha kucheka.

Maana ukumbi si wangu. Ni wa Shangazi Ercilia, na nyumba yake imeshikana ukuta na ukumbi. Tangu mumewe, Mzee Nicanor, atutoke, sinema imefungwa. Hapa Arroyo Prieto hakuna muziki wala kicheko karibu na mjane mpaka misa ya mwaka ipite. Redio yake imefunikwa shuka jeusi. Watu wakipita dirishani pake wanateremsha sauti kama wamo wodini. Misa yenyewe ni Jumamosi hii. Baada ya hapo shangazi ataamua: ukumbi ubaki sinema, au ampe Fremio, aliyemwoa dada yangu, afungue duka la misumari na mabati.

Lazima aone ukumbi umejaa, basi. Lakini mikanda inaondoka Jumapili asubuhi, mji mwingine unaingoja. Ni Jumamosi jioni, siku ileile ya misa, au nianze kujifunza bei ya misumari.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mpango! Umenijia nikinyoa. Nimejikata kidevu kwa furaha.

Nilikwenda kwa shangazi, nikamwambia nimepata filamu ya Kwaresima. Maisha ya Mtakatifu Rita. Ya kuliza kabisa. Nikamwambia yeye asijisumbue kuja, atakuwa amechoka na misa. Naomba ruhusa tu. Akauliza kama Rita hakuwa mjane. Nikasema mjane haswa, Shangazi, mjane wa kupigiwa mfano. Akanipa bakuli la maharagwe matamu, ya kwanza Kwaresima hii, yenye maziwa ya nazi na zabibu juu. Akasema, "Haya mwanangu, kaionyeshe." Nimekula nikiwa nimesimama, machozi yananilengalenga. Mwanamke mwema sana.

Jioni nikapita kwenye meza ya dhumna. Nikawanong'oneza Papolo na wenzake kwamba Jumamosi kuna filamu chafu ambayo nchi hii haijapata kuiona. Papolo ndiye mwenye kicheko kinachofanya kuku wa mtaa mzima waache kutaga. Akauliza, "Chafu ya namna gani, kaka?" Nikamwambia ya kuungama mara mbili. Wakaziacha dhumna zao mezani. Hilo halijatokea hata siku ya kimbunga.

Akina mama hawatakuja, mjane wao hayupo. Vijana watajaa. Shangazi atauona umati dirishani, atadhani ni ibada. Safi!

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimemkuta Fremio ukumbini na futi kamba. Hapa misumari, hapa mabati, hapa kaunta. Kaunta mahali pa pazia langu la kuonyeshea filamu! Nikamshikia ncha ya kamba. Sijui kwa nini. Aliniomba vizuri.

Alipoondoka nikafuta alama zake zote za chaki kwa kitambaa chenye maji. Nikafuta mpaka zile alizochora kwenye pazia. Sasa katikati ya pazia kuna doa kubwa la kijivu lenye umbo la pua. Nimesugua, limekua.

Namshukuru Mungu hata hivyo. Lingeweza kuwa na umbo baya zaidi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimekwisha! Shangazi anakuja!

Amewaalika akina mama wote wa rozari. Wamegawana kazi, huyu biskuti, yule maharagwe matamu, yule leso za kulilia. Anasema hawezi kuacha filamu ya mjane mwenzake. Nikamwambia viti vyangu ni vigumu. Akasema watakuja na vyao. Nikamwambia pazia lina doa. Akasema macho yake pia yana doa.

Nikakimbilia mkasi. Nikate sehemu ya mjane, imekwisha hadithi. Nimekata, nimeunganisha kwa gundi ya karatasi, nimetazama. Kumbe nimekata jenerali na farasi. Mjane yupo vilevile, mzima, jeneza lake na mishumaa yake. Na gundi imekwisha.

Nikaenda kwa Padre Crisanto kuungama. Nilimwomba kwa jina la watakatifu wote arefushe misa ya kesho mpaka watu wasinzie. Akauliza dhambi ni ipi. Nikataja jina la filamu. Upande wa pili wa dirisha la kuungamia nikasikia kama mtu anakohoa, anakohoa tena, anajipiga kifua. Akanipa kitubio: niionyeshe mpaka mwisho, na nisikate hata kipande.

Nimerudi na jenerali mfukoni. Padre ni mtu mzuri, na kwa kuwa ni siri ya kitubio hawezi kumwambia mtu. Nashukuru kwa hilo.

Jumamosi, tarehe 8 Machi



Misa ilikuwa fupi. Nyumbani kwa shangazi tulikula, tukasali, kisha wote tukangoja avue nyeusi na aitoe redio shuka, kama wajane wote wafanyavyo misa ya mwaka ikiisha. Hakufanya. Alichukua kiti chake na upepeo wake, akasema twendeni kwa Rita. Kwa hiyo matanga yalikuwa bado hayajaisha.

Ukumbi ukafurika. Mbele akina mama wa rozari, shangazi katikati, amevaa nyeusi kuanzia kichwani hadi viatuni. Nyuma Papolo na watu wake wa dhumna, na viti walivyobeba vichwani. Mlangoni Fremio, anatabasamu. Alikuwa ameshapata habari kwa Papolo. Nikawasha mashine, nikafumba macho.

Waziri akajamba. Sauti ilijaa ukumbi. Hakucheka mtu.

Nani acheke? Mjane yupo mbele na hajavua nyeusi! Waziri akatangaza sheria yake, nchi nzima ikajizuia, na ukumbi nao ukajizuia. Lile doa likamkaa waziri usoni, akawa na pua mbili. Papolo akauma kofia yake. Jirani yake alikuwa ameinama, mabega yanatikisika, machozi yanadondoka sakafuni. Mama mmoja wa rozari akaanza Salamu Maria kwa sauti, akakwama katikati, akajifunika uso kwa leso ya kulilia. Kila mara askofu wa filamu alipofanya jambo lake, ukumbi mzima ulikuwa unavuta pumzi na kuibana. Nilidhani atakufa mtu, tuhitaji misa nyingine.

Ndipo Fremio akaja mbele na kiti, akasimama juu yake. Akapaza sauti, "Shangazi! Ona uchafu aliokuletea siku ya mumeo!"

Shangazi hakugeuka. "Fremio, kaa chini, unatuziba."

Kisha ikaja sehemu ya mjane. Jeneza, mishumaa, waombolezaji. Marehemu alikuwa raia mwema aliyejizuia maisha yake yote. Sasa amekufa, haogopi kodi. Akaachia. Jeneza likarusha kifuniko, mishumaa yote ikazimika. Mtoza kodi akamjia mjane na hati ya malipo. Mjane akamwambia, "Mdai mwenyewe! Mimi nimeunusa bure ndoa nzima!"

Shangazi Ercilia akatoa sauti. Nyembamba, ndefu. Anainama, upepeo umemwanguka. Nimemuua, nikasema. Nikashuka ngazi za chumba cha mashine mbiombio, nikapiga magoti mbele yake, naomba radhi, nataja watakatifu, nataja mpaka mama yangu.

Akanishika shati. Machozi yanamtiririka. "Nicanor!" akasema. "Huyo ni Nicanor mtupu!"

Alikuwa anacheka. Shangazi yangu alikuwa anacheka! Papolo akaitema kofia. Ukumbi ukalipuka. Ah, sijawahi kusikia kitu kama kile. Akina mama walishikana mabega wasianguke. Padre Crisanto alikuwa amesimama nyuma kabisa, amekumbatia nguzo. Kuku wa mtaa wakapiga kelele. Fremio alijikaza, akajikaza, kisha kiti chake kikavunjika kwa kucheka, akaendelea kucheka akiwa chini.

Shangazi akadai sehemu ile irudiwe. Nikairudia mpaka gundi ikaachia.

Ilipokwisha hakuna aliyeondoka. Shangazi alisimama akatugeukia. Akasema mwaka mzima hakuna aliyemtajia Nicanor ila kwa kuguna na kutikisa kichwa. Mnateremsha sauti nikipita, akasema, mnanizika pamoja naye. Yule mtu alijamba mbele ya askofu wa kweli, siku ya kipaimara, akamsingizia mbwa! Nani kati yenu amenikumbusha hilo? Kila mtu analijua, hakuna aliyesema. Nimekaa na redio yenye shuka, nikaanza kuisahau sauti ya mume wangu. Leo nimeisikia.

Alisema "sauti ya mume wangu" na hata wa dhumna wakavua kofia. Mimi nililia wazi, sikuona aibu.

Basi watu wakaanza. Mmoja akakumbusha Nicanor na mbuzi wa meya. Mwingine Nicanor na meno ya bandia. Tukamsindikiza shangazi mpaka kwake, akavuta shuka jeusi kwa mkono wake mwenyewe, redio ikaimba. Ukumbi unabaki sinema. Alisema hivyo huku akimtafutia Papolo biskuti, kama jambo dogo.

Asante Mungu. Asante Nicanor. Asante hata Fremio.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mikanda imeondoka na basi. Jenerali na farasi wamebaki mfukoni mwangu, nimesahau. Mji ule mwingine utanisamehe.

Fremio ameleta misumari kutengeneza viti vilivyovunjika. Amegonga kidole chake mara mbili na bado anacheka. Nimemshika mkono. Sina kinyongo.

Shangazi aliniita asubuhi. Amevaa gauni la maua. Aliniambia alijua tangu Jumanne kwamba si Rita, maana nikidanganya sikio langu la kushoto huwa jekundu, tangu utotoni. Nikamuuliza mbona alikuja. Akasema alitaka kuona ni jambo gani kubwa kiasi cha kunifanya nimsingizie mtakatifu. Kisha akanishika kidevu palepale nilipojikata. "Safari nyingine niambie ukweli, mwanangu. Ningekuja mbio zaidi." Nikabusu mkono wake. Nikaapa kwa roho ya Nicanor: sidanganyi tena. Akanipa bakuli jingine la maharagwe matamu, kubwa kuliko la kwanza. Nimeguswa sana. Kweli ukweli ni kitu kizuri.

Mchana dereva akaleta filamu mpya, ya bure, hakuna mji ulioitaka. Akina mama wa rozari nimewaambia ni maisha ya Mtakatifu Lusia. Wa dhumna nimewaambia ni wanawake watupu mwanzo hadi mwisho. Shangazi nimemwambia ina mjane wa kuchekesha kumshinda yule, na nilisimama hivi, sikio la kushoto nimelielekeza ukutani. Amefurahi mno, Mungu ambariki.

Ni filamu ya serikali kuhusu ugonjwa wa migomba. Asante Mungu, ukumbi utajaa.