Krayoni Iitwayo "Rangi ya Ngozi"

Shule ya Nasari,
Gatwekera, Kibera.
14 Novemba 1996

Kwa Meneja,
Kiwanda cha Krayoni,
Industrial Area, Nairobi.

Mheshimiwa Meneja,

KUH: KUOMBA MTULETEE WATU WANAOFANANA NA KRAYONI YENU

Tangu juma lililopita kuna sauti moja isiyotaka kunitoka masikioni. Ni sauti ya biro nyekundu ikitia alama ya kosa: kwaru, kwaru, mistari miwili, na karatasi ikachanika kidogo. Karatasi hiyo ilikuwa ya Trizah, mwenye miaka sita. Nitafika kwake, lakini kwa utaratibu, maana nasikia mameneja hupenda mambo yaliyopewa nambari.

1. Pakiti yenu ina krayoni kumi na mbili. Kumi na moja mmezitaja kwa rangi zake: nyekundu, kijani na kadhalika. Ya mwisho, ambayo ni pinki kama soseji mbichi, mmeiandika "Rangi ya Ngozi". Hamkusema ya nani. Kwa kuwa nawafundisha watoto wasikubali jambo bila kulichunguza, tulimtafuta mwenyewe. Watoto ishirini na saba waliweka mikono mezani, hakupatikana. Tukatoka nje, tukamkagua muuza maji, mwenye bucha na fundi wa viatu, ambao walikuwa wavumilivu sana. Aliyekaribia ni mtoto wa nguruwe wa Bwana Lusweti. Mgeni mmoja Mzungu wa kanisani alitupa matumaini saa tatu asubuhi, lakini kufikia saa sita jua lilikuwa limemhamishia kwenye "Nyekundu".

2. Watoto wangu ni Wajaluo, Waluhya, Wakamba, Wanubi na Wakikuyu. Mwaka mzima nimewafundisha kwamba hapa hachekwi mtu kwa lugha ya kwao wala kwa weusi wake, na walikuwa wameanza kuelewa. Kisha Isaac akamwekea Oluoch krayoni yenu mkononi, akatangaza: "Ticha, cheki! Huyu Oluoch hana ngozi!" Oluoch alilia, akavaa sweta na kuivuta hadi ikafunika vidole, juani, mchana kutwa. Nilimuuliza Isaac yake mwenyewe iko wapi. Akajiangalia, naye akaanza kulia. Kwa dakika kumi nilikuwa na darasa la watoto ishirini na saba wasio na ngozi.

3. Isaac, ili kujinusuru, alimchora mamake kwa krayoni hiyo. Kesho yake Mama Isaac alinipata mlangoni, picha mkononi. "Mwalimu, ni nani anaambia watu najichubua?" Nilimwonyesha jina mliloandika. Alilisoma mara mbili. "Basi hii kampuni ndiyo inajichubua," akasema, akaenda zake sokoni.

4. Sasa Trizah. Mtihani wa kumaliza nasari ulisema: "Mpake mama rangi ya ngozi." Trizah alichanganya kahawia na nyeusi, akatia manjano kidogo shavuni, kwa sababu mamake, Caren, akipaka mafuta hung'aa. Mwalimu aliyesahihisha akatia kosa. Trizah akapata alama ishirini na tisa. Shule ya Kawangware iliyo karibu na kazi ya mamake huchukua wenye thelathini. Asipoingia, atapelekwa kwa nyanyake Siaya, na mamake abaki hapa. Trizah hakulia. Aliniuliza tu, "Ticha, kwani mamangu amekosea wapi?"

Kwa hivyo naomba mojawapo ya haya. Mtuletee watu wawili wenye ngozi hiyo, wakae nyuma ya darasa wawe mfano, uji tutawapa. Ikiwa hata kwenu hawapo, mtutengenezee krayoni ishirini na nane: Rangi ya Oluoch, Rangi ya Isaac, Rangi ya Trizah, na kuendelea hivyo, Mercyline akipewa mbili, ya kabla ya kuoga na ya baada. Na hilo likiwashinda, basi mje mtupake rangi sisi wenyewe mpaka tulingane na krayoni, pamoja na mwenye bucha, na mvua ikinyesha mrudi mtupake tena.

Nisalimie wote kiwandani, hasa yule anayebandika majina. Mwambie simchukii, ila ningependa kuuona mkono wake.

Wako mwenye ngozi,
Magdaline Amolo,
Mwalimu.

Baada ya sahihi: Barua hii ilikaa mkobani siku mbili kwa sababu kila nikiisoma, nambari ya nne hunisuta. Shule yetu ina mwalimu mmoja tu. Swali niliandika mimi, na biro nyekundu ilikuwa yangu. Nilitazama picha, nikatazama krayoni, nikaamini krayoni; mimi niliyesomea ualimu. Kwa hivyo msimwonee mbandika majina. Leo asubuhi niliwaambia watoto aliyekosea ni nani, nikampa Trizah biro ajisahihishie. Alitia tiki kubwa, karatasi ikachanika zaidi: kwaru! Darasa zima likapiga makofi, Isaac akiwa wa kwanza. Sasa hivi nimetoka Kawangware. Thelathini yake nimeipeleka kwa mkono, na jina lake limeshaandikwa.