Pazia Nililokuja Nalo Kwenye Onyesho Lako

Kwa Meneja wa Ukumbi,

Ndugu Meneja,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani kwako, na masikio yenu pia, kwani yangu mpaka leo bado yanavuma.

Mimi ni fundi mapazia. Nina mtoto mmoja wa kike, yuko darasa la pili, na nyumbani tunamwita Mzee. Jina hilo alilipata angali mchanga, kwa sababu si mtu wa kucheka ovyo. Ukimtania anakutazama tu mpaka unaona haya. Akija dukani kwangu hufunga mikono nyuma, akapita anakagua mishono, na akitikisa kichwa mimi huanza kufumua.

Mwezi huu watoto wa darasa lao wote wameshikwa na homa ya huyo mwimbaji wako. Sisi wazazi tukabishana kwenye kundi letu la simu: je, onyesho linawafaa watoto wadogo? Mama mmoja alisema linafaa, mradi wasitazame. Baba mwingine alisema halifai hata kidogo, ila mwanawe asiambiwe kwamba ni yeye aliyesema. Mwishowe ikapitishwa kwamba mzazi mmoja aende na mwanawe akachunguze, alete uamuzi, na ukiwa wa kukataza, lawama zote zimwangukie yeye. Wakanichagua mimi, eti ni mkali. Mke wangu alicheka mpaka akaketi chini.

Basi tulikuja. Onyesho la pili ni Jumamosi hii, na uamuzi bado unasubiriwa. Mzee haulizi kitu. Ameosha viatu vyake, ameviweka mlangoni vikitazama nje, na kila nikipita ananiangalia. Kabla sijatamka lolote, naomba usikilize malalamiko yangu.

1. Mapokezi. Sikuja mikono mitupu. Nilikata pazia zito la kuzuia jua, nikalitia bitana, nikalishonea mkanda juu ili lishikike vizuri. Mpango wangu ulikuwa kusimama mbele ya mtoto, uso kwake na mgongo kwa jukwaa, pazia nimelitandaza nyuma yangu kama kuku anayefunika vifaranga. Wimbo ukiwa wa adabu, nachuchumaa, anaona. Ukiwa wa utovu wa adabu, nainuka, haoni. Mlinzi wako wa mlangoni aliponiuliza pazia ni la nini, nilimweleza kwa heshima zote. Akawaita wenzake waje nao wasikie, nikaambiwa nirudie tangu mwanzo. Huo si ukarimu.

2. Nyimbo zako hazitoi taarifa mapema. Ulipigwa mmoja wa kumwita mtu asogee karibu. Nikainuka haraka, kumbe anaitwa mama mzazi aje apokee shukrani. Ukafuata wa kipepeo na maua, nikachuchumaa kwa amani, na kufika ubeti wa pili yule kipepeo akaanza tabia ambazo siwezi kuziandika hapa. Magoti yangu hayajapona. Naomba kuanzia sasa, kabla ya kila wimbo, mtu mwenye sauti ya upole apande jukwaani asome maneno yote polepole, wazazi tushauriane, tupige kura, ndipo ngoma ilie.

3. Jirani zangu. Nyuma yetu alikaa bwana mmoja mwenye kipara, amekuja na mama yake. Aliniambia alikata tiketi amwone mwimbaji, hakukata tiketi ya kuona bitana. Nilimwambia niko kazini. Mama yake akalishika pindo la pazia, akaligeuza, akaniuliza kama nashona na ya sebuleni. Nilichukua vipimo vyake palepale, lakini hilo halihusiani na malalamiko.

4. Mtoto anajua maneno yote. Hili ndilo lililonivunja nguvu. Nimeinua mikono mpaka mabega yanawaka, mtoto haoni hata taa, lakini anaimba kila wimbo mwanzo hadi mwisho, pamoja na ule ubeti wa kipepeo. Nilimuuliza amefundishwa na nani. Akasema ni redio ya dukani kwangu, ile ninayoifungua kila asubuhi kabla hata sijafungua mlango. Naomba uchunguzi ufanyike kujua nani aliruhusu jambo hilo.

5. Mavazi ya wacheza dansi. Sikuyaona, kwa kuwa niliwapa mgongo tangu mwanzo, lakini wenzangu wa kundi wameniagiza nilalamike kwa ukali, nami nalalamika. Nikiwa mtu wa vitambaa, najitolea kuwashonea wote magauni ya kufika sakafuni, yenye pete juu. Kitambaa kikibaki, tuzungushie jukwaa lenyewe pazia lisilofunguka, mwimbaji akae nyuma yake, amevaa koti, aimbe saa za mchana kwa sauti ya kumlaza mgonjwa. Hapo onyesho litawafaa watoto kabisa. Sidhani kama kuna hata mmoja atakayekuja, na tatizo letu litakuwa limekwisha.

Ukiona hayo ni mengi, basi nifanyie hili moja tu. Bandika bango mlangoni, herufi kubwa, liseme kwamba watoto wadogo hawaruhusiwi, kwa amri ya meneja. Mimi nitamleta Mzee mpaka hapo, tutalisoma pamoja, nitasikitika naye, hata nitakusema vibaya kidogo, unisamehe. Kisha tutarudi nyumbani tukiwa upande mmoja.

Nakuomba wewe kwa sababu mimi nimeshindwa. Nimejizoeza kusema hapana mbele ya kioo cha dukani, ikatoka vizuri sana. Nikifika nyumbani nikiviona vile viatu, ulimi unagoma. Naogopa, Ndugu Meneja. Naogopa akikua anikumbuke kama mtu aliyekuwa anasimama mbele ya kila kitu, mikono juu.

Nisalimie mwimbaji, wapiga ngoma wake, na wacheza dansi, ambao sikuwapa mgongo kwa ubaya. Msalimie pia mlinzi wa mlangoni, na wenzake wote aliowaita.

Wako katika kazi ngumu ya kulea,
Fundi Mapazia,
Baba yake Mzee, darasa la pili.

Tanbihi: Mke wangu ameisoma barua hii kabla sijaifunga, akaniuliza swali moja tu. Ikiwa jukwaa nililipa mgongo onyesho zima, nilichunguza nini? Nilitaka kumjibu kwamba sikuona kitu, lakini nitakuwa mwongo. Nilimwona Mzee. Kwenye wimbo wa mwisho mikono ilichoka, pazia likaanguka, sikuliokota. Mtoto alikuwa amesimama juu ya kiti, pengo la jino liko wazi, anacheka kwa sauti mpaka machozi yanamtoka. Kicheko chenyewe sikukitambua, nilidhani ni cha mtoto wa watu. Sijawahi kumwona hivyo tangu azaliwe, na ningekuwa nimetazama jukwaa kama watu wengine ningemkosa. Kwa hiyo bango usibandike. Wenzangu wa kundi nimeshawaandikia kwamba onyesho linafaa, na lawama wazilete kwangu. Pazia nimempa mama yake yule bwana mwenye kipara, linakaa vizuri dirishani kwake. Jumamosi tutakuja wawili, na kama unacho kiti kinachotazama watazamaji, naomba uniwekee.