Kihisi Namba Tatu

Wenzangu, leo nimepatikana. Na aliyeumia si mimi, ndiyo maana hata kujicheka nashindwa.

Mnajua kazi yangu. Huku Butimba, ufukweni mwa ziwa, natunza vihisi, vile vidude vya kupimia maji vinavyoning'inia kwenye maboya kando ya vizimba vya samaki. Viko vitano. Vinapashana habari bila waya, halafu mtambo wa nchi kavu unanitumia meseji. Hewa ikipungua majini, samaki wanaweza kufa kizimba kizima. Meseji hiyo ikija hakuna kumalizia chai.

Leo saa moja asubuhi ikaja: "KIHISI NAMBA 3. HEWA HAKUNA."

Namba tatu ni cha Mama Koku, mwalimu mstaafu. Kiinua mgongo chake chote kimo ndani ya kile kizimba. Nilikimbia na ndala moja. (Ya pili sijaiona mpaka sasa.)

"Shikamoo mwalimu! Samaki wanakufa! Tuwatoe sasa hivi!"

"Marahaba. Mbona nawaona wanacheza?"

"Hawachezi mwalimu, wanatapatapa!" (Walikuwa wanacheza.)

"Na vile vihisi vingine vinasemaje?"

"Vinasema maji mazima. Lakini mwalimu, kipimo hakibishaniwi!"

Mtu kafundisha sayansi mpaka kastaafu, mimi namweleza habari za kipimo! Akanitazama. "Haya. Wewe ndiye unayejua." Neno hilo linaniuma hadi sasa.

Tukaita majirani, mitumbwi ikaja, tukavuta wavu. Boya la namba tatu lilikuwa linaelea palepale mbele yangu. Kuvuta kamba nione chini kuna nini? Muda huo ningeutoa wapi! Sato walikuwa wamebakiza miezi miwili wafikie ukubwa wa kuuzwa. Tukawamwaga kwenye mabeseni. Mmoja akaruka, akanichapa mkia shavuni. Samaki asiye na hewa hapigi kofi. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Simu ikalia. Mikono yangu imejaa utelezi wa samaki, kwa hiyo Mama Koku akaitoa mfukoni mwangu, akabonyeza spika. Alikuwa mama yangu, aliyekuja kunitembelea kutoka Ukerewe.

"Mwanangu, kile kidude ulichokiacha jana kwenye ndoo kinawaka taa nyekundu. Mimi nilijua ni cha kusafishia maji, nikaloweka mihogo yangu humohumo. Haitaharibika?"

Mtumbwi mzima ukanigeukia.

Nikakumbuka. Jana jioni nilikitoa nikisugue ukoga, nikakiweka kwenye maji safi kisikauke, nikala, nikalala. Kwangu ni hapo juu tu, mtambo unakipata bila shida. Na mihogo ikishaanza kuchacha humaliza hewa ndooni. Kihisi hakikudanganya, jamani. Mwongo nilikuwa mimi.

Majirani walicheka hadi mmoja akadondokea majini. Mama Koku hakucheka. Alikuwa anaangalia mabeseni. Tuliowahi kuwarudisha tuliwarudisha. Waliobaki, na ni wengi, walikuwa wameshakufa kwa kukosa hewa.

"Mwalimu, nisamehe."

"Nilikuuliza vingine vinasemaje," akasema taratibu. "Kesho njoo uvute kamba zote tano mbele yangu. Unisomee kihisi kimoja kimoja, kwa sauti, kama darasa la kwanza." Halafu akanifungia sato wadogo kwenye mfuko. "Mpelekee mama. Yeye hana kosa."

Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Sasa hivi nipo mezani. Mama kasonga ugali wa muhogo, kamega tonge, kageuza samaki huku na huku. "Watamu," anasema, "ila wadogo mno. Nani huyo asiye na huruma, kuwavua mapema hivi?"

Msinicheke. Nimemwambia simjui.