Mchezo wa Milango Saba

Kurugenzi ya Kuwafikia Vijana ilitangaza, kwa kipaza sauti kilichokoroma kuliko mlinzi wa zamu, kwamba tangu siku hiyo michezo yote ya vijana itabuniwa kwa kumweka binadamu katikati. Kikundi cha utafiti cha wanafunzi wa chuo kilikwisha kuitwa. Kilichokosekana ni binadamu tu.

Akatafutwa ofisi nzima. Makarani walikuwa na kazi. Wasiokuwa na kazi walikuwa na vyeo. Mwisho akapatikana Mzee Fagio, mfagiaji wa korido, mgane wa miaka minne. Barua ikatoka: "Binadamu mmoja (1), mzima." Mtunza stoo akaja na futi kamba, akapima ukumbi, akaweka kiti katikati kabisa.

"Usisogee, mzee," alimwonya. "Ukisogea tu, utafiti umeharibika."

Mzee alikaa, maana alikuwa na lake. Binti yake alishona sare za shule kwenye kibanda jirani na stendi, na kibanda kilikwishapigwa alama nyekundu: Ijumaa kinavunjwa, asipopata kibali cha biashara za vijana. Mwenye kusaini kibali ni Mkurugenzi. Miezi mitano binti alikuwa akipigwa danadana. Mzee aliijua danadana hiyo. Mama yake binti alifia kwenye benchi akisubiri barua ya rufaa ya kwenda hospitali kubwa, na karani hakuchoka kusema, "Iko mezani, mama, mkubwa katoka kidogo."

"Shikamoo, babu," alisema kiongozi wa kikundi, msichana mwenye miwani. "Kitu gani kinakuchosha zaidi maishani?"

"Marahaba. Milango, mjukuu wangu."

Akawasimulia yote, mlango kwa mlango. Wanafunzi wakaandika, wakauliza tena pale wasipoelewa. Katika jengo lile, jambo hilo lilikuwa halijawahi kutokea.

Alhamisi mchezo waliobuni kutokana na maneno yake, wa dadu na kadi, ukazinduliwa, Waziri akiwa mgeni rasmi. Ratiba, iliyosainiwa na Mkurugenzi mwenyewe, ilisema wazi: chakula hakipakuliwi mpaka Mkurugenzi afike Mlango wa Saba. Akarusha dadu kwa madaha. Mlango wa kwanza, kapita. Wa pili, karani yuko msibani, ngoja zamu mbili. Wa tatu, akafunua kadi: "Ambatanisha nakala ya kibali unachoomba. Huna? Rudi mwanzo."

Akarudi. Akarudi tena. Mara ya nane koti likavuliwa.

"Upuuzi gani huu! Niambatanishe kitu ambacho ndicho ninachokiomba? Mjinga gani katunga sheria hii?"

Msichana akafungua faili. "Waraka namba kumi na nne, mheshimiwa. Sahihi ni yako. Sisi tumenakili tu."

"Basi iondoeni hiyo kadi!"

"Hatuwezi bila binadamu wa katikati kuridhia. Ndio mwongozo wako."

Macho yote yakamgeukia Mzee Fagio kitini.

"Kadi ni mtoto wa waraka, bosi," alisema taratibu. "Futa mama mtu, mtoto ataondoka mwenyewe."

"Futa bwana!" Waziri alifoka, akinusa masufuria. "Watu tumeamka na chai kavu!"

Mkurugenzi akafuta waraka, akasaini. Mzee akachomoa mfukoni fomu ya binti, imekunjwa mara nne.

"Na hapa, bosi, kalamu ingali na joto."

Mkurugenzi akasaini bila kusoma, kama alivyosaini kila kitu maishani mwake.

Kisha mbio mbio: mlango wa nne, wa tano, wa sita, wa saba! Akafunua kadi ya mwisho huku wapishi wakishika miiko. "Hongera. Sasa ipate saini ya binadamu wa katikati."

Kiti kilikuwa kitupu.

Mzee Fagio alikwishafika mlangoni, fomu kifuani, akielekea stendi kabla wavunjaji hawajaamka kesho na nyundo zao.

"Mzee! Unakwenda wapi? Saini yangu!"

"Iache mezani, bosi," Mzee alijibu bila kugeuka. "Mkubwa katoka kidogo."